Pembe ya Kijani

Wifi yangu Philippa hupanga likizo kama anayepanga mazishi. Kila mwaka, wikiendi ya sikukuu ya Mei, akina Thackray lazima twende mji wenye kanisa kuu, na kila mtu anakabidhiwa karatasi yake: saa nne ukuta wa kale, saa sita supu, saa nane makaburi ya maaskofu. Ukikawia chooni anakusubiri mlangoni huku anatazama saa. Nina miaka ishirini na sita ya ndoa na mdogo wake, Nigel, na karatasi zote hizo ninazo kwenye droo. Siku Philippa akifa nitamzika nazo.

Mwaka ule tulikwenda Aldchester, na aliyeuchagua mji alikuwa mama mkwe wangu, Enid. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Mama Enid ukimuuliza anataka nini hujibu, "Chochote tu, msisumbuke," na miaka yote hatukusumbuka. Sasa alikuwa na umri wa miaka themanini na tatu na macho yake yalikuwa yanakufa. Akikutazama usoni alikuwa anaona ukungu, akitazama pembeni yako labda anaona sikio. Daktari alikuwa amemwambia ikifika Krismasi hata hilo sikio hatalipata.

Jumamosi asubuhi tukaondoka. Nigel alikuwa kwenye usukani, Philippa kando yake na ramani, mimi na Mama nyuma. Nyuma yetu, kwenye buti, alilala mbwa wetu Bramble juu ya mto wake, anatuhemea shingoni. Bramble ni mbwa mkubwa wa manjano, mpole, hana akili, na ana tabia moja: mtu akitoka nje na kurudi, humpokea na kitu mdomoni. Huleta kiatu, huleta taulo, na akikupenda sana huburura mto wake wote na kukuwekea mapajani.

Tulikuwa tumeshaipita njia kuu Mama aliposema, polepole, kama mtu anayeomba radhi, "Nina jambo moja tu nataka nikalione huko kanisani. Kuna mto wa kupigia magoti. Niliudarizi mwenyewe, Colin alipofariki."

Colin alikuwa mwanawe wa katikati, alikufa kwa homa akiwa na miaka mitatu, kabla Nigel hajazaliwa. Niliwahi kuona picha yake mara moja, Nigel akaifunika na gazeti. Kwao jina hilo halitajwi mezani. Mimi nilikuwa sijui kuwa kuna mto wowote.

"Mama, hiyo ni miaka zaidi ya hamsini," Philippa akasema bila kugeuka. "Kitambaa tu hicho. Hakuna hata uhakika kama kipo."

"Najua, mwanangu. Nataka niushike tu kabla macho hayajaisha."

Philippa akachukua kalamu. "Kesho kabla ya sala za jioni kuna dakika ishirini. Nimeziandika."

"Asante," akasema Mama, na akasema kwa dhati, maskini.

Siku hiyo tukazunguka mji kwenye manyunyu. Philippa anasoma kwa sauti juu ya kila jiwe, Mama anajikongoja na mkongojo wake kwenye barabara ya mawe, na kila akisimama kupumua Philippa anasema, "Mama, tukienda hivi tutafika Septemba." Nigel anacheka kwa pua. Mimi nilicheka pia, nisijitakase. Mwendo wa yule mama ulikuwa unanikera, na baridi ilikuwa imeniingia kwenye mifupa.

Jumapili jioni tukamwacha Bramble na mto wake kwenye nyumba tuliyopanga, tukapanda kilima kwenda kanisani. Philippa na Nigel walitangulia. Mimi nikaachiwa Mama, kama kawaida. Mke wa mtoto wa kiume ndiye mkongojo wa pili. Akanishika mkono, na njiani, kwa kuwa hatukuwa tunaonana usoni, akaanza kunisimulia.

"Tulikuwa wanawake thelathini," alisema. "Msimamizi wetu alikuwa mke wa kasisi, mkali ajabu. Mito yote lazima ifanane: buluu, na mganda wa ngano katikati. Jina lisiandikwe. Tulimshonea Mungu, hatukujishonea sisi, ndivyo alivyotuambia. Uzi anaupima kwa gramu. Wangu ukaniishia pembe moja haijajaa, nikaenda kuomba, akaninyima. Alisema nimeupoteza kwa kulia."

"Ukafanyaje?"

"Marehemu baba yenu alikuwa ameshatoa nguo zote za Colin. Ilibaki sweta moja niliyoificha, ya kijani. Niliifumua, nikamalizia pembe kwa ule uzi. Mke wa kasisi aliuona, akakaza midomo, akaupitisha. Kwa hiyo mto wangu hauna jina, lakini una pembe ya kijani. Hicho ndicho kitu chake pekee kilichobaki duniani, mwanangu. Hata Philippa sijawahi kumwambia."

Pembe ya kijani naijua. Naiokota kila asubuhi jikoni kwangu, imelowa mate.

Miaka miwili nyuma, mimi na Nigel tulipita Aldchester siku moja tukitoka harusini, tukiwa na Bramble. Nje ya mlango wa kanisa waliweka meza yenye mito chakavu. Ukipenda mmoja unatia chochote kwenye kisanduku na kuondoka nao. Nikachukua mmoja wa buluu kwa sababu unafanana na vigae vya jikoni kwangu. Pembe yake moja ilikuwa na rangi nyingine na nikamwambia Nigel, "Aliyeshona huu alikuwa kipofu." Bramble aliupenda siku ile ile. Pembe ile ya kijani ndiyo anayotafuna akiwa na wasiwasi.

Na safari hii yote Mama alikuwa amekaa mbele ya ule mto. Angenyoosha mkono nyuma, angeugusa.

Kanisani nikamkalisha kwenye viti vya kwaya, mahali wanapokaa wageni wa sala za jioni, nikaenda kuuliza. Nilikuwa bado najidanganya kwamba huenda wanawake wawili waliishiwa uzi. Mzee wa zamu alikuwa bibi mmoja wa kujitolea, mkanda wa zambarau begani.

"Ile ya zamani ya mganda wa ngano?" akasema. "Ah, iliingia nondo, dada. Tuliigawa. Tuliyonayo sasa ni ya majuzi tu."

"Kulikuwa na mmoja wenye pembe ya kijani."

Akatabasamu. "Mmoja tu. Watoto walikuwa wanaugombania. Nadhani ulichukuliwa na watu waliokuwa na mbwa."

Nikarudi zikiwa zimebaki dakika saba katika zile za Philippa. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: Mama, mto wako uko kwenye nyumba tuliyopanga, nilikosa, nisamehe. Ningekwenda mbio, ningeuosha, ningeuleta umekauka kesho yake. Lakini nilimwona Philippa anakuja na kijitabu chake, nikaona miaka ishirini ijayo ya Krismasi, kila Krismasi hadithi ni ile ile, jinsi mimi, Janice, nilivyompa mbwa mto wa marehemu. Niliogopa kuchekwa. Hicho ndicho nilichoogopa, na nakisema kilivyo.

Nikavuta mto mmoja wa buluu chini ya kiti, nikamwekea Mama mapajani. "Huu hapa, Mama."

Aliupapasa uso wa mto, halafu kingo, halafu pembe, moja, mbili, tatu, nne. Vidole vyake vikarudi kwenye ya kwanza.

"Pembe hazifanani na nilivyoziacha," akasema.

"Waliutengeneza. Nondo waliuharibu kidogo."

"Na uzi wa kijani?"

"Upo. Umefifia, lakini upo. Hapa." Nikamshika kidole, nikamwekea kwenye uzi wa buluu.

Akainama, akaibusu ile pembe. Philippa akafika wakati huo huo, akasema, "Haya, umeuona? Vizuri, maana wanaanza," na kwaya ikaingia. Mama alipiga magoti juu ya mto ule wa mtu mwingine sala nzima, hata wakati wa kusimama. Nilimwona midomo inacheza. Alipotaka kuinuka nilimsaidia, na akanivuta karibu.

"Miaka ishirini na sita nimekuchukulia kama mgeni," akaninong'oneza. "Leo wewe ndiye pekee uliyenitafutia. Sitasahau, mwanangu."

Mtu mwenye haya angesema pale. Mimi nilisema, "Si kitu, Mama." Na ukitaka ukweli, ilinipendeza. Nilishuka kilima nikiwa nimeshikwa mkono kama binti wa kuzaa, nikimtazama Philippa mgongoni na kujiona nimemshinda. Nikapanga kwamba tukifika tu, nitamwambia Nigel autie ule mto kwenye pipa la taka la jirani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kilima kimoja.

Tulipofungua mlango Bramble alikuwa ameshajipanga. Nilimwambia Nigel kwa sauti ya chini, "Mtoe mbwa," naye akaniuliza, kwa sauti ya juu, "Kwa nini?" Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti kilicho karibu na moto, koti bado mwilini, uso wake una furaha ambayo sikuwahi kuiona. Philippa akaweka birika. Bramble akapita katikati yetu na mto wake mdomoni, mkia unapiga miguu ya meza, akauweka mapajani kwa Mama na kurudi nyuma kungoja sifa.

"Umeniletea nini, mzee?" Mama akamwambia. Akamkuna sikio, mkono mwingine ukiwa juu ya mto. Halafu mkono uliokuwa kwenye sikio ukaacha kukuna.

Nilisimama. Nilitaka kusema mto ule ni mchafu, niupokee, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Vidole vyake vilipita kwenye mganda wa ngano, mshono kwa mshono, vikashuka ukingoni. Pembe ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikuwa imelowa, nusu imetafunwa. Hapo vikakaa.

"Janice," akasema, "pembe hii ina rangi gani?"

Aliningoja. Mama yule ni mtu wa adabu, alinipa muda mrefu kuliko niliostahili.

"Ya kijani, Mama," Philippa akajibu kutoka jikoni, vikombe mkononi. "Lakini usiushike, umejaa mate ya mbwa. Janice aliuokota hapo hapo kanisani, miaka miwili iliyopita. Unanuka, mwambie Nigel autoe nje."

"Miaka miwili," akasema Mama.

"Utakunywa na maziwa?"

"Ndiyo, Philippa. Asante."

Hakulia. Hakuniuliza chochote, na hakumwambia Philippa wala Nigel, hata leo hawajui. Alichukua leso yake, akaanza kuifuta ile pembe taratibu, kama unavyomfuta mtoto mdomo. Bramble akaweka kichwa juu ya goti lake, akakiacha pale. Chai ilipoa. Philippa akamkumbusha mara mbili kwamba chai inapoa.

Jumatatu tulirudi nyumbani. Mama alipakata ule mto njia nzima, na Philippa akafungua dirisha akilalamika juu ya harufu. Nilipomfunga mkanda, Mama alisema, "Asante, Janice." Nilipompa maji, "Asante sana, Janice." Nilingoja anitukane, laiti angenitukana mbele ya wote, nikalia, yakaisha. "Mwanangu" alishaliondoa, na sauti ilikuwa ya upole ule ule anaowapa wauza tikiti.

Tangu siku hiyo Bramble anaishi kwake. Aliomba apewe, na ni mara ya kwanza katika maisha yake kuomba kitu na kukipata.

Krismasi ikafika, na macho yalikuwa yameshazima kama daktari alivyosema. Tulikula kwa Philippa, kila mtu na karatasi yake: saa saba bata mzinga, saa tisa mchezo wa kadi. Wote wakaelekea mezani. Mama alibaki kwenye kiti pembeni ya dirisha, mto mapajani, Bramble bado yuko nje bustanini, nikaona ni zamu yangu, kama zamani. Nikaenda nikamgusa kiwiko.

"Nani?" akauliza.

"Ni mimi, Mama. Janice. Nikushike mkono nikupeleke mezani."

Aligeuza uso kwenye sauti yangu, akatabasamu kwa adabu zake zote.

"Asante sana, Janice," akasema. "Usisumbuke. Namngoja mbwa."