Bisibisi ya Cherehani

Skrubu sita zilitoka kwa hiari. Ya saba ikagoma, na mchapaji akamtukana kimoyomoyo yule aliyeikaza huko kiwandani. Alikuwa ameilaza laptopu kifudifudi juu ya taulo, kwenye meza yake ya kuwachapia watu fomu barazani, mbele ya ofisi ya pensheni, na kila skrubu aliyoitoa aliitia kwenye kizibo cha soda. Bisibisi ilikuwa ya mama mkwe wake, ya cherehani, nyembamba, mpini umezungushiwa uzi mwekundu. Alishajiuliza mara mbili kama aache. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na zilikuwa zimebaki skrubu nne tu.

Mama mkwe mwenyewe alikaa kwenye stuli kando yake, mkoba mapajani. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya uhakiki wa wajane. Asiyehakikiwa kabla ya saa tisa jina lake linafutwa, kisha aanze upya kuthibitisha kwamba hajafa. Zamani ulikuwa unajitokeza dirishani, unaonekana, basi. Siku hizi ni fomu ya mtandaoni, na fomu yenyewe nzito kama gunia la chumvi iliyolowa. Kwa siku tatu laptopu ilikuwa ikifika kwenye ukurasa wa picha na kuganda. Jana mchapaji alikwenda kulalamika kwa karani wa dirisha namba tatu. Karani, bila kuinua macho, akamwambia atafute mashine inayokwenda na wakati.

Mashine nyingine angeitoa wapi? Alichokuwa nacho ni jirani, fundi simu wa ng'ambo ya barabara, aliyemng'olea kipande cha memori, cha kuipa mashine kasi, kwenye laptopu iliyopasuka kioo. Kukifunga, fundi alisema, atakifunga Jumatatu akipata nafasi. Lakini kufikia Jumatatu mama mkwe angekuwa marehemu, kwa mujibu wa ofisi.

Fundi alimpa onyo moja tu: ashike chuma kwanza, umeme wa mwilini usije ukaunguza kitu. Basi skrubu ya mwisho ilipotoka, mchapaji akafunua mfuniko, akashika nondo ya dirisha la ofisi, akatoa kipande cha zamani, akachomeka kipya, akakilaza taratibu mpaka vishikizo viwili vikakibana. Akafunga. Akawasha.

Kioo kikabaki cheusi. Mashine ikalia mara tatu, ikanyamaza.

Wateja watano waliokuwa kwenye benchi, wajane wote, wakatazamana. Mchapaji alihisi masikio yanawaka moto. Chombo cha kazi ameshakiua kwa mikono yake mwenyewe, tena mbele ya mama mkwe. Kutoka ng'ambo fundi simu akapaza sauti kwamba haraka haraka haina baraka, na mchapaji akajifanya hakusikia.

"Ulikisukuma, au ulikibembeleza?" mama mkwe akauliza.

"Niliogopa kukivunja, mama."

"Ndiyo hapo. Sindano ya cherehani usipoipandisha mpaka mwisho, utaiona imekaa, na skrubu umekaza, lakini haishoni. Toa hicho kidude. Sukuma mpaka kikatae."

Alikuwa ameshona nguo za watu miaka thelathini na laptopu hakuwahi kuigusa. Mchapaji akafungua tena. Kweli, meno ya rangi ya dhahabu yalikuwa bado yanachungulia upande mmoja. Akasukuma kwa vidole gumba vyote viwili, kikaingia, akasikia *ta*. Safari hii mashine iliwaka, na ukurasa wa picha ukafunguka kabla mama mkwe hajamaliza kuweka sawa kilemba chake. Benchi zima likacheka. Fomu sita zikaenda moja baada ya nyingine bila kuganda hata mara moja.

Saa nane na nusu karani wa dirisha namba tatu akatoka nje, shati limemlowa mgongoni. Fomu zimefika, alisema, ila ukurasa wa kuziidhinisha haufunguki, mashine za ndani zimeganda tangu asubuhi. Akaitazama laptopu ya mchapaji.

"Dada, naomba niingie kwenye mfumo hapo kwako. Dakika kumi tu."

Mchapaji alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na yote yalikuwa matamu. Akayameza. Akamsogezea kiti na kumgeuzia kioo. Karani akaingiza namba yake ya siri, jina la kwanza likatokea, akanyoosha kidole abonyeze. Mchapaji akauweka mkono wake juu ya kibodi.

"Kwanza mtazame. Huyu hapa. Yuko hai?"

Karani akainua macho. Mama mkwe naye akamkazia yake, ametulia, mkoba mapajani.

"Yuko hai," karani akasema.

"Haya, andika."

Akaandika. Wale watano wengine walikuwa wameshajipanga nyuma ya stuli, na kila mmoja alisimama mbele ya karani mpaka atazamwe. Ilipofika saa tisa kasoro dakika tano orodha ilikuwa imekwisha. Mama mkwe akaifuta bisibisi yake kwa ncha ya kanga, lakini kabla ya kuirudisha mkobani akamwonyesha karani.

"Mashine za ndani mkitaka tuzifungue, mwanangu, mtuite. Ila mtapanga foleni."