Shabaha ya Tatu

Barua iliyotoka Unguja ilikuwa fupi. Tangu muhula huo, hisabu, aljebra na jometri hazitafundishwa tena mbalimbali kama majirani waliokosana. Zitakuwa somo moja. Kila mwalimu wa darasa la sekondari aandike shabaha zake, yaani mambo ambayo mwanafunzi ataweza kuyafanya muhula ukiisha. Mkaguzi atakuja kuyapima. Darasa litakaloshindwa litafungwa.

Maalim Marhoun alikuwa na darasa moja tu, la majaribio, vijana kumi na mmoja katika chumba kimoja hapo Mtambile, Pemba. Wawili kati yao walikuwa na jamaa mjini Unguja wa kuwapokea darasa likifungwa. Tisa hawakuwa na mtu. Na darasa lenyewe halikuletwa na serikali peke yake. Marehemu mkewe, Bi Mwatum, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaambia wazazi, "Nipeni kijana wenu miaka miwili tu. Mikarafuu haina miguu, mtaikuta pale pale."

Alikufa miezi miwili kabla ya barua kufika, bila mtoto. Mirathi ilipogawiwa na Shehe Ngwali, Maalim hakwenda. Alimtuma nduguye Suud, naye Suud alirudi akasema, "Shehe Ngwali kakupa mikarafuu kumi na minane." Maalim akajibu, "Haya," asiulize imekuwaje.

Shabaha aliziandika siku tatu, akifuta na kuandika, kwa hofu kwamba neno moja likikaa vibaya litawatoa vijana wote tisa. Zilikuwa saba. Ya tatu ilisema: Aweze kugawa kitu kizima kwa mafungu, na atambue kuwa mafungu yakizidi kimoja, hesabu haiwezekani. Ilihitaji mfano wa kosa, akauchukua katika daftari la Mjaka, kijana wa Mwanamize, mmoja wa dada wawili wa Bi Mwatum. Mjaka alikuwa ameandika kwamba nusu ya shamba na thuluthi mbili zake hugawika, mafungu matatu huku na manne kule, katika saba. Maalim alikuwa ameshalikata jibu hilo kwa wino mwekundu. Hakumwita amuulize. Tangu maziko, yeye na Mjaka hawakuvuka salamu. Kila mmoja aliogopa uso wa mwenziwe.

Jumatatu ya mwisho wa muhula mkaguzi akaja, Bwana Hija, mtu wa Unguja, viatu vyake vimeng'aa hata njia ya udongo haikuviweza. Akasoma ile karatasi amesimama.

"Shabaha ya tatu nimeipenda," akasema mkaguzi. "Nitampima mmoja kwa hiyo. Wewe, uliyeinamisha kichwa. Jina lako?"

"Mjaka, Bwana."

Shaame, aliyekaa nyuma, akanong'ona, "Tumekwisha. Huyo hajasema tangu maziko."

"Nusu ya shamba apewe mmoja, thuluthi mbili wapewe wengine. Wagawie," akasema mkaguzi.

Jibu lilikuwa neno moja, na Maalim alikuwa amelisomesha wiki nzima. Haiwezekani. Alimtazama Mjaka akimwomba kwa macho alitamke.

Mjaka akashika chaki. "Yawezekana, Bwana."

Mkaguzi akacheka kidogo. "Huko kwenu Pemba shamba huvutika kama mpira?"

"Halivutiki. Nke kafa, kaacha mume na dada zake wawili. Mume ana nusu. Dada wana thuluthi mbili. Hizo hazipunguzwi na mtu, zimo katika Kitabu."

"Na shamba halitoshi."

"Halitoshi. Shehe Ngwali huiita auli, mafungu huongezwa na kila moja hupungua." Akaandika: sehemu tatu za sita, na nne za sita, jumla saba. "Basi sita tunaiacha, tunagawa kwa saba. Fungu moja tuliite x. Mume x tatu, dada x nne. Shamba ni x saba." Akachora mstatili, akaukata vipande saba virefu, vitatu akavitia kivuli. "Tuseme lina miti arubaini na miwili. x ni sita. Dada ishirini na minne. Mume kumi na minane."

Maalim akashika ukingo wa meza. Kumi na minane.

"Kwa hiyo mume kadhulumiwa," mkaguzi akasema. "Haki yake ishirini na mmoja."

"Hakudhulumiwa, Bwana. Pengo lile hakubebeshwa mmoja. Wamepungukiwa wote, kila mtu kwa kadiri yake."

Alisema hivyo akitazama ubao, wala hakugeuka.

Mkaguzi akamgeukia mwalimu. "Maalim, karatasi yako yasema haiwezekani. Kijana wako asema yawezekana. Nimwandikie nani kosa?"

Akisema Mjaka kakosea, karatasi itasimama na darasa labda litapona. Akisema vingine, mwalimu asiyejua shabaha zake mwenyewe apewe darasa la nini?

"Niandikie mimi," akasema. "Jibu hili lilikuwa nyumbani kwangu, sikuliuliza."

Bwana Hija hakuelewa maneno ya mwisho, lakini alisogea ubaoni. Akajumlisha kumi na minane na ishirini na minne kwa kidole. Akahesabu vipande vya mstatili. Akakaa, akaandika muda mrefu, na darasa zima likasikiliza kalamu.

"Wameniagiza nitazame kama hisabu, aljebra na jometri zimekaa pamoja," akasema hatimaye. "Hapo ubaoni zimekaa. Darasa liendelee mwaka huu. Shabaha ya tatu ifutwe iandikwe upya, niipate kabla sijapanda gari."

Vijana walipotoka, Mjaka alibaki anafuta ubao. Maalim akamzuia mkono alipofika kwenye mstatili.

"Uache kwanza. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, Maalim. Auliza kwa nini huji kuitazama miti yako. Nyasi zimepanda."

Maalim alivuta karatasi, akakata mstari wa tatu. Alichovya kalamu, akaandika, Mafungu yakizidi kimoja, mwanafunzi aweze... Hapo akakwama.

"Aweze nini, mwanangu? Niambie tena ulivyosema juu ya lile pengo."