Chambo cha Keremkerem

Keremkerem walipoingia Ulyankulu mwaka huu, na koo zao za njano na matumbo ya buluu, kila mtu aliinua uso kuwatazama. Dismasi peke yake aliwatukana. Ndege hao hula nyuki, naye alikuwa na mizinga kumi nyuma ya nyumba.

"Baba Prisila, keremkerem humdaka nyuki hewani," mkewe Paskazia alimwonya. "Aliyekufa hamgusi."

Lakini Dismasi ukimwambia moto unaunguza, atataka kwanza aushike. Aliokota nyuki waliokufa, akawaloweka katika dawa ya kunyunyizia tumbaku, akawatandaza juu ya mizinga. Ndege hawakujishughulisha nao. Upepo ukawapeperusha hadi uani, kuku wakala. Kufika saa nne asubuhi majogoo watatu walikuwa wamelala chali, povu likiwatoka mdomoni.

Hao ndio waliowekwa kwa ajili ya posa ya binti yao Prisila, na wageni walikuwa njiani. Paskazia alirudi kutoka kisimani akamkuta mumewe ananyonyoa.

"Utumbo nimetupa," alisema Dismasi. "Nikitia ndimu na chumvi ya kutosha, nyama ina kosa gani?"

Kuku hawakumchefua Paskazia kama ile mikono iliyonyonyoa bila hata kutetemeka. Miaka ishirini na miwili amekula sahani moja na mtu huyu! Mchuma janga hula na wa kwao, sawa, lakini huyu alitaka kulisha na wa watu.

Alikataa kuwapika, akainjika maharage. Dismasi akawapika mwenyewe.

Wageni walipokwisha kunawa, alileta sufuria huku akitabasamu. Paskazia akampokonya, akaenda nayo chooni, akamimina yote shimoni.

"Kuku wamekufa kwa sumu," aliwaambia wageni aliporudi. "Kuna maharage."

Mzee Ntakirutimana, baba wa kijana, alimgeukia Dismasi. "Ulijua?"

"Utumbo wote nilitoa, mzee."

Mzee aliomba maji. Akanawa tena, na chakula hakuwa amekigusa, kisha akawaambia wenzake wainuke.

Walipoondoka Dismasi alianza kufoka kwamba mke wake ameharibu posa. Prisila alisimama mlangoni na kitenge chake kipya, macho yamemlowa. Paskazia alishindwa kumtazama.

"Mama," alisema Prisila, "na sufuria hiyo tusiipikie tena."