Mlio wa Kwanza

Kaka yangu aliponitoa kwenye ofisi ya kuchapa na kutuma barua pepe, ofisi niliyoianzisha mwenyewe, alibaki na kitu kilichoniuma kuliko meza na kompyuta: namba ya simu. Wateja wangu wote waliijua kwa kichwa. "Wewe una mume, ofisi ya nini?" aliniambia. Sikusahau.

Nilikodi chumba mtaa wa pili na kuweka simu yangu. Haikulia.

Kisha akanitafuta. Modemu, kile kisanduku kinachopitisha mtandao kwenye laini ileile ya simu, ilikuwa imegoma. Kila akitaka kuingia kwenye mtandao, inamwandikia kwamba haisikii mlio wa laini.

"Dada yangu, njoo mara moja. Si wewe ndiye unayeujua huu mdude?"

Dada yangu! Juzi nilikuwa mke wa mtu.

Nikaketi kwenye kiti changu kama mgeni. Nikaandika AT&V, amri ya kuiambia modemu ijieleze, na mipangilio yake yote ikajaa kwenye skrini. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo: mlio wa laini ulikuwa umebadilishwa, nayo ilikuwa bado inaungoja ule wa zamani. Nikaiwekea X3 ili ipige bila kungoja. Ikapiga. Kaka akachekelea kama mtoto.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo."

Macho yangu yalikuwa kwenye S0. Palikuwa na sifuri, yaani modemu isipokee simu inayoingia, iwaachie watu. Nikaweka moja, iipokee yenyewe kwenye mlio wa kwanza. Nikaongeza M0 ili spika yake inyamaze, mle ofisini asishtuke mtu. Nikafunga kazi na &W, ya kuhifadhi, hata umeme ukikatika isisahau. Dawa ya moto ni moto.

Tangu hapo simu ya kaka ikawa inalia mara moja na kunyamaza. Akiwahi kuinyanyua, anakuta makelele ya modemu, anawalaani watu wa simu. Wateja nao wakachoka kukwaruzwa masikio, wakaulizia nilikohamia. Simu yangu ikaanza kulia. Nilifurahi, tena nilifurahi sana.

Ndipo mama akaja, mtandio umemwanguka begani.

"Nimempigia kakako, nimwamuru akurudishie ofisi yako. Nasema haloo, mwanangu, ananipigia makelele sikioni. Nikarudia, yaleyale. Nikamwambia ni mimi, mama yako. Ndiyo kwanza akazidisha!"

"Mama..."

"Mtoto niliyemnyonyesha ananizomea! Nikifa asiguse hata udongo wa kaburi langu. Mwambie nimesema."

Mama hajawahi kuona modemu maishani mwake. Neno moja tu kutoka kwangu lingemtoa kaka kitanzini, na nilikuwa nalo mdomoni, zima kabisa. Nikakumbuka alivyonisimamia mlangoni siku ile, akinihimiza niharakishe kutoa vitu vyangu.

"Pole, mama," nikasema, nikamvutia kiti. "Usimpigie tena."