Mama Burrito

Immaculée alikuwa amefundisha darasa la tano kule Uvira, Kongo, kwa miaka kumi na mmoja, na sasa, mjini Durban, aliosha vyombo katika mkahawa wa Kimeksiko wa South Beach. Sinki lake lilikuwa nyuma ya ukuta. Hakuwaona wateja wala hakuwasikia wakiagiza. Alichoona ni mabaki, na kwa mabaki hayo alikuwa amezijua sahani zote saba za mkahawa ule, kila moja kwa tabia yake. Kulikuwa na ile iliyoacha mchuzi mwekundu umekauka pembeni mpaka uukwangue kwa kijiko. Kulikuwa na ile ya jibini lililovutika kama gundi. Kulikuwa na ile iliyokuja na kikaango cha chuma kikiwa bado cha moto, kilichomchoma mara mbili wiki ya kwanza. Majina ndiyo hakuyajua. Oda zilifika jikoni kwa namba, na wapishi waliitana kwa namba.

Dawa ya kuoshea ilikuwa imemla mikono. Ngozi ilipasuka kwenye viungo vya vidole, na Jumapili kanisani alipiga makofi taratibu ili isitoke damu. Kwa hiyo mwenye mkahawa alipotangaza kwamba anatafuta mtu wa dirishani, Immaculée alisimama pale pale, povu likimtiririka kwenye viwiko, akasema anaitaka kazi hiyo. Mtu wa dirishani hupokea sahani kutoka kwa mpishi, huzikagua, kisha huwatajia wahudumu kila moja kwa jina. Ni kazi kavu.

Mwenye mkahawa aliitwa Shafiek. Alizaliwa Durban, katika zile familia za Kiislamu ambazo wazee wao waliletwa zamani kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na alijua Kiswahili kidogo cha bibi yake. Alikitumia akiwa na furaha.

"Sharp, Mama, sawa," alisema. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakujaribu. Sahani saba, majina saba."

Jioni hiyo Immaculée alimwendea Serge, mpishi mkuu. Serge alitoka Bukavu na walisali kanisa moja.

"Papa Serge, unisaidie. Chakula nakijua. Majina tu ndiyo sina."

"Eh, Maman Sesilia! Mwalimu muzima, kitu kama hii inaweza kukushinda? Leta daftari."

Serge akachukua chapati nyembamba kutoka kwenye rundo, akaiinua. "Yote inaanzia hapa. Ikuwe ya mahindi ao ya ngano, hii ndiyo tortilla."

Hapo alisema kweli. Baada ya hapo hakusema kweli tena. Ile ndogo iliyokunjwa mara moja, nyama na vitunguu vikichungulia kwa juu, alimwambia ni enchilada. Ile kubwa ya ngano iliyofungwa pande zote kama kifurushi, alimwambia ni tostada. Ile iliyoviringishwa, ikamwagiwa mchuzi wa pilipili na kuokwa, aliiita taco. Vipande vya pembetatu vyenye jibini katikati alivipa jina la burrito. Akaendelea hivyo mpaka sahani ya saba, na Immaculée akaandika yote kwa mwandiko wake wa ubaoni, akayapigia mstari.

Serge alikuwa na shemeji yake, Dominiki, aliyeitaka kazi ile ile. Hilo lilikuwa chanzo, na kama lingeishia hapo lingekuwa hila ya kawaida ya mtu kumtafutia nduguye mkate. Lakini kesho yake aliwasimulia wenzake jikoni, wakacheka, na mchezo ukawa wa wote. Kwa majuma matatu, kila Immaculée alipokuwa karibu, wapishi waliacha namba na kutumia majina ya Serge. Mishka, mpwa wa Shafiek aliyehudumia mezani, alipita nyuma makusudi akiwa na sahani yenye mchuzi mwekundu.

"Mama, hii ilikuwa nini?"

"Taco!"

"Kabisa, Mama. Uko juu."

Nyumbani, katika chumba walichogawana kwa pazia na familia nyingine, binti yake Sesilia, mwenye miaka kumi na mitano, alishika daftari na kumuuliza mama yake bila mpangilio, kama mama yake alivyokuwa akimuuliza yeye jedwali la kuzidisha. Immaculée hakukosea hata mara moja. Menyu zilikaa mbele kwa wateja, simu yake ilikuwa ya kubonyeza, ya Sesilia haikuwa na data, na hakukuwa na sababu ya kumshuku ndugu wa kanisani.

Jumamosi ilipofika, Shafiek hakumjaribu jikoni. Alimleta mbele, adhuhuri, meza zikiwa zimejaa, na rafiki zake wa mpira wamekaa katikati. Mishka alikuwa amekwisha kuinua simu yake.

Immaculée alisimama kama mbele ya darasa. Akanyoosha kidole kwenye sahani ya kwanza, akasema kwa Kiingereza chake cha Durban.

"Hii ni enchilada. Ni tortilla ndogo, inakunjwa mara moja, inaliwa kwa mkono."

Watu wakacheka. Aliona wanafurahi, akapandisha sauti. "Hii ni tostada. Inafungwa pande zote ili maharagwe yasimwagike." Wakacheka zaidi. Na yeye akatabasamu, maana ilikuwa muda mrefu tangu watu wengi namna ile wamtazame kwa wakati mmoja. Alipofika kwenye pembetatu za jibini na kuziita burrito, mwanamume mmoja aliinamisha kichwa mezani akapiga meza kwa kiganja. Ndipo Immaculée akageuka na kumwona Serge mlangoni, ameziba mdomo kwa aproni, mabega yakimtikisika.

Alielewa papo hapo. Lakini zilibaki sahani tatu, watu walikuwa wanangoja, na majina mengine hakuwa nayo. Akazitaja zote tatu kama alivyofundishwa.

Dirisha alipewa Dominiki. Immaculée alirudi kwenye sinki, na siku hiyo hiyo akabeba menyu moja chini ya blauzi kwenda nayo nyumbani.

Video ya Mishka ilizunguka. Jumatatu watu walipiga simu mkahawani kuuliza yule mama yuko siku gani. Jumatano Shafiek akamwita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na kofia pana ya majani, yenye vishada vyekundu.

"Mama, kila Jumamosi na Jumapili mchana. Unavaa hii, unakuja mezani, unasema vile ulivyosema. Ile ile, usibadilishe. Siku zingine unafuta meza. Maji hutagusa tena."

Immaculée aliitazama mikono yake. Akaichukua kofia.

Ndani ya mwezi ngozi ilifunga. Vidole vilikunjika bila kuuma, akaweza tena kumsuka Sesilia. Na kila mwisho wa juma alisimama kati ya meza, kofia ikimwangukia machoni, akaiita taco enchilada, watu wakamrekodi. Alijifunza mahali pa kunyamaza kidogo ili wacheke vizuri. Kwa Wakongo wa Durban jina lake likawa Mama Burrito. Watoto walimwita hivyo kwenye korido ya ghorofa. Mchungaji naye liliwahi kumponyoka akitangaza michango ya msiba, kanisa zima likaangua kicheko, na Immaculée akacheka nao.

Sesilia aliacha kukaa benchi moja na mama yake. Shuleni walimpokea kwa kelele za Burrito Mdogo. Ijumaa moja, akikunja sare yake, aliuliza bila kumtazama.

"Mama, majina ya kweli unayajua?"

"Nayajua. Tangu wiki ile ile."

"Sasa kwa nini hauyasemi?"

Immaculée aliichukua sare, akamalizia kuikunja. Kesho yake ilikuja meza ya watu kumi na wanne, wafanyakazi wa kampuni moja ya malori ya mtaa wa Clairwood, wakisherehekea siku ya kuzaliwa ya meneja wao. Shafiek mwenyewe alimtambulisha, mkono begani. "Huyu ndiye profesa wetu."

Simu zikainuliwa. Immaculée alivua kofia, akaiweka kwenye kiti.

"Hii ni taco," alisema. "Ndogo, inakunjwa mara moja. Hii ni burrito, ya ngano, inafungwa pande zote. Hii pembeni yake ni burrito iliyokaangwa ndani ya mafuta mengi, na ikishakaangwa inaitwa chimichanga. Hii inaviringishwa, inamwagiwa mchuzi, inaokwa: enchilada. Mchuzi ndio unaoitofautisha. Hii ni quesadilla, ya jibini, inabanwa kikaangoni kisha inakatwa. Hii iliyo bapa na ngumu, vitu vimepangwa juu yake, ni tostada. Na hii ya kikaango ni fajita. Nyama peke yake, tortilla peke yake, unajifungia mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Mmoja mmoja, walishusha simu.

"Kwenye video si hivi," alisema meneja mwenye sherehe yake.

Shafiek alicheka peke yake. "Mama, anza tena. Vizuri."

"Nimesema vizuri."

Alimvuta hadi kwenye ujia wa jikoni. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyevunjiwa kifaa.

"Wanaojua majina ninao. Dominiki anajua. Wewe nilikuweka kwa sababu hujui."

"Sasa najua. Nipe kazi kama ya Dominiki."

"Dirisha lina mtu, Mama." Akamwelekeza kwa kichwa upande wa sinki. Vyombo vya mchana vilikuwa vimejaa hadi kwenye bomba.

Aliosha. Baada ya saa moja Serge alikuja na sufuria, akaiweka, asiondoke.

"Maman Sesilia, ile siku ya daftari..."

"Majuma matatu, Serge. Kila siku. Hakukuwa hata mtu mmoja aliyechoka?"

Serge aliitazama sufuria. "Wiki ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Kisha ikakuwa ngumu kuacha. Ni nani angekuambia? Ungemuchukia yeye."

"Ondoa mkono wako, nioshe."

Alifika nyumbani saa kumi na moja, jua bado liko kwenye madirisha ya ghorofa za jirani. Sesilia alikuwa kitandani na vitabu.

"Leo nimesema ya kweli," Immaculée alimwambia. "Yote saba."

Sesilia aliinua kichwa. "Kuna aliyekurekodi?"

"Walishusha simu."

"Walikuwa wangapi?"

"Kumi na wanne."

Binti aliwaza, midomo ikichezacheza kama mtu anayepiga hesabu. Kisha akaona vidole vya mama yake, vyekundu, vimevimba tayari, harufu ya dawa bado iko juu yake.

"Watu kumi na wanne tu, na hakuna video. Basi ungewaacha tu wacheke, mama," alisema, akarudi kwenye kitabu chake.

Immaculée alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa bado na koti. Upande wa pili wa pazia jirani alikuwa anatazama kitu kwenye simu, akacheka, kisha akapunguza sauti.