Fungu la Mtoto wa Askari

Mnamo 1954, siku chache kabla ya kikosi chake kusafiri kwenda vitani Malaya, Kalaba alisimama mbele ya karani wa mishahara kambini. Aliulizwa akatwe kiasi gani kila mwezi, na pesa zipelekwe kwa nani. Askari wenzake walikuwa wakitaja wake zao. Yeye alimtaja Rosaria, mama wa binti yake Mwaka; Rosaria na mtoto waliishi kwa shangazi wa Rosaria katika kisiwa cha Chisenga, Ziwa Mweru.

"Mlifunga ndoa wapi?" karani aliuliza.

"Bado. Mahari nimeanza kutoa."

"Na kwao ni wapi?"

"Pweto, ng'ambo ya ziwa, Kongo ya Wabelgiji."

Karani akatikisa kichwa. Bila cheti hangeweza kumwandika. Alitaka jina la ndugu wa damu. Basi Kalaba akamwandikisha dada yake mkubwa, Matildah, mjane wa Nchelenge, na karani akaongeza chini yake: kwa matunzo ya mtoto Mwaka, shilingi ishirini na tano. Pesa hizo zingekatwa kabla mshahara haujamfikia mkononi, awe porini au awe amelazwa hospitali, na zingelipwa Nchelenge kila mwisho wa mwezi.

Barua ya Kalaba ilisomwa na mwalimu wa kanisa, maana Matildah hakujua kusoma. "Yaya, dada yangu mukubwa, hizo feza ni za mutoto. Umupelekee Rosaria kila mwezi. Wewe nitakutumia zako nikipata nafasi." Matildah aliahidi mbele ya mwalimu kwamba angefanya hivyo, na siku ile alikuwa anasema kweli.

Mwezi wa kwanza alibonyeza kidole gumba kwenye wino, akapokea, akateremka ziwani kutafuta mtumbwi wa kumvusha. Ziwa lilikuwa limechafuka na wavuvi wakakataa kutoka. Akazifunga pesa kwenye pindo la chitenge akarudi nyumbani. Wiki ile mvua ikavuja mpaka kitandani. Tangu mumewe afe, ndugu wa mume walikuwa wamechukua nyavu, baiskeli, hata mlango. Akatoa shilingi kumi za kuezeka paa. Nitazirudisha, alijiambia, halafu nitampelekea zote kwa pamoja.

Mwezi uliofuata alizirudisha kweli, kwa pesa alizopata kwa kuuza muhogo. Lakini kulikuwa na mchuuzi aliyekuwa akihama, akauza cherehani yake ya mkono kwa bei ya chini, alipwe kidogo kidogo. Matildah aliona kwamba akiwa na cherehani atashona, atapata pesa zake mwenyewe, na kila senti ya mtoto itapatikana. Akaichukua, akawa anailipia kwa pesa za mtoto. Ilipofika miezi mitano, pesa alizopaswa kupeleka zilikuwa nyingi kiasi kwamba aliona aibu kupeleka kidogo.

Ndipo Rosaria alipokuja mwenyewe, Mwaka akiwa mgongoni, miguu yote miwili imejaa matope ya njiani. Matildah alikuwa anashona. Akaifunika cherehani kwa nguo.

"Yaya, mi nimekuya kuuliza tu," Rosaria alisema. "Kalaba alituma habari? Wake za baaskari bengine banapata kitu. Mutoto alikuwa na homa, nikauza sufuria ya shangazi. Sasa shangazi amekasirika."

Matildah alimtazama mtoto. Alikuwa na paji la uso la Kalaba.

"Hakuna kitu," alisema. "Hata mimi hajaniandikia."

Rosaria hakulia. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. Matildah akaingia ndani haraka, akatoka na kikapu cha unga wa muhogo akampa.

"Aksanti, yaya," Rosaria alisema, akapiga goti. "Weye uko na roho muzuri."

Tangu siku hiyo Matildah hakukaribia tena meza ya Bwana. Jumapili ya ushirika alibaki kwenye benchi akisema tumbo linamuuma, huku mwalimu akimsifu mbele ya watu kwa jinsi anavyomtunza mtoto wa kaka yake askari. Barua zilipofika kutoka Malaya, Kalaba akiuliza kama mtoto ameanza kutembea, kama ameota meno yote, Matildah alimwambia mwalimu aandike kwamba wote hawajambo na Rosaria anamsalimu. Mnamo 1955 alisikia sokoni kwamba Rosaria ameolewa Mununga na mchuuzi wa samaki aitwaye Nkonde. Jambo la kwanza alilohisi lilikuwa nafuu: sasa hatakuja tena kuuliza. Nafuu hiyo ndiyo iliyomtia aibu kuliko yote.

Kalaba alirudi mwaka 1956, amekonda, ana kovu shingoni, na sanduku la bati lenye vigauni viwili. Alikula, akaoga, na asubuhi akateremka ziwani kupanga mtumbwi wa kwenda Chisenga. Matildah alimfuata mbio. Alimkuta ameshaweka mguu mmoja ndani.

"Toka kwanza," alisema. "Hayupo Chisenga."

"Yuko wapi?"

"Mununga. Ameolewa."

Kalaba alitoa mguu mtumbwini polepole. "Ameolewaje, na mimi nakatwa kila mwezi?"

"Hakuzipata."

"Ngapi hakuzipata?"

"Zote. Alikuja kuuliza nikamwambia hujatuma kitu. Nilizitumia mimi, Kalaba."

Wavuvi waliacha kukunja nyavu. Kalaba hakumpiga wala hakupaza sauti. Alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi, mikono magotini.

"Kule tulilala kwenye maji," alisema. "Wenzangu wakilalamika kukatwa, mimi nilikuwa nafurahi. Nilisema, leo wamemnunulia maziwa."

Kisha akasimama. "Twende Mununga. Utamwambia wewe mwenyewe, mimi nikiwa nasikia."

Walikwenda kwa lori la samaki. Rosaria alikuwa anaanika samaki uani, Nkonde akiwa karibu. Matildah alipiga magoti kwenye magamba ya samaki akasema yote, hata cherehani iliyofunikwa. Rosaria alisikiliza mpaka mwisho, samaki bado mkononi.

"Mi nilikushukuru," alisema. "Nilikupigia goti." Halafu akamgeukia Kalaba. "Na weye nilikutukana mbele ya batu, nikasema hauna haya."

"Hukujua," Kalaba alisema.

"Sikujua. Lakini sasa niko na bwana. Alinichukua na mutoto wangu bila kuuliza kitu. Siwezi kumuacha."

Kalaba alitazama chini. Mwaka alikuwa nyuma ya Nkonde, ameshika suruali yake. Alipopewa vigauni alivipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akasema asante, mukwai, neno la heshima, kama anavyoambiwa mgeni.

"Nitaendelea kukatwa," Kalaba alimwambia Nkonde. "Si kukudharau."

Nkonde alifikiri. "Mutoto ana baba," alisema. "Ukatwe tu. Lakini zifike hapa, kwa mama yake."

Sasa Rosaria alikuwa na cheti cha ndoa cha upande huu, kilichomfanya atambulike kama mwenyeji. Kalaba alikwenda naye na Nkonde ofisini Nchelenge kubadilisha jina la mpokeaji. Karani wa hapo alishangaa kuona askari anaandikisha mke wa mtu mwingine, lakini akaandika.

Matildah aliuza cherehani, akampelekea Rosaria pesa zote alizopata. Rosaria alizipokea mlangoni, akazihesabu, akarudi ndani bila kumkaribisha. Matildah hakutegemea zaidi ya hilo.

Kalaba alirudi kambini mwezi huohuo. Aliendelea kumwandikia dada yake barua, akauliza afya, akauliza kama paa linavuja, mara nyingine akaweka noti ndani. Mwalimu alizisoma zote kwa sauti, na Matildah alisikiliza mpaka sahihi ya mwisho, kila mara akingoja sehemu ambayo kaka yake angemwomba amfanyie jambo, hata dogo. Sehemu hiyo haikuandikwa tena.