Maharage Yaliyoogeshwa

Jumamosi, tarehe tisa Machi. Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito na manyunyu yasiyotosha hata kutuliza vumbi.

Siku hiyo darasa letu la jioni la kilimo hai lilikuwa na ukaguzi wa mbegu, na shemeji yangu alikuja amevaa tai. Tai, bustanini. Anaitwa Bingwa, jina alilojipa mwenyewe maana hakuna mwingine ambaye angempa. Amemwoa mdogo wangu. Jembe hulishika kwa muda wa kupigwa picha tu, lakini mwalimu akiuliza swali, yeye ndiye wa kwanza kuinua mkono na wa mwisho kunyamaza.

Mimi ni fundi cherehani. Nilijifunza kusoma nikiwa tayari na wajukuu wawili, na ninamshukuru Mungu kwa kila herufi. Nyuma ya shule kila mwanafunzi alipewa tuta moja. Langu nililitia mboji miezi miwili, nikalibebea samadi kichwani, nikaliombea kila alfajiri. Sharti la mwalimu lilikuwa moja: atakayeleta mbegu zilizopakwa dawa anarudisha tuta, nalo anapewa mtu aliye kwenye foleni.

Mwalimu alituelekeza kwa wakulima wanaohifadhi maharage yao kwenye majivu, akatuambia tuchague yaliyojaa, yasiyo na tundu wala mikunjo. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Bingwa alicheka, akasema yeye ana njia zake. Akatugawia bure, wanafunzi watano, maharage meupe yanayong'aa, akipita katikati yetu kama waziri. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na nguo za watu za kumaliza, nikapokea. Niliyawekea mikono nikayaombea. Kuyakagua, sikuyakagua.

Jumanne kabla ya ukaguzi nilifunga kumi kwenye kitambaa cheupe chenye unyevu, kama tulivyofundishwa, nione mangapi yataota. Ijumaa nilipofungua, manane yalikuwa yameota, na kila moja limezungukwa na duara la pinki.

Nilikwenda kwa mdogo wangu. Hata kabla sijakaa alishajua kilichonileta. Alinieleza huku akitazama sakafu kwamba mumewe alinunua dukani mbegu za pinki, zilizopakwa dawa ya wadudu, akazitia kwenye beseni na kuzisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka zikawa nyeupe. Mtu mzima, mwenye ndevu zake, anaogesha maharage. Maji yake akayamwaga kwenye lundo la mboji. Mdogo wangu aliniomba ninyamaze, kwa kuwa mumewe alikuwa anautafuta uenyekiti wa darasa.

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti. Tuta sikuliomba tena. Niliomba ulimi.

Basi Jumamosi mwalimu alipofika kwangu, nikampa kitambaa. Bingwa akawahi kueleza kwamba mafundi cherehani wana vitambaa vinavyochuja rangi. Wale wenzangu wanne wakatikisa vichwa kukubali, watu waliokariri jina la kila mdudu na hawajui wamepokea nini.

"Shemeji," nikamwambia, "hiki ni kipande cha shuka langu. Kimefuliwa miaka sita. Hebu waambie, uliyaogesha kwa sabuni gani?"

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko. Bingwa akalegeza tai, akasema dawa ikishaoshwa si dawa tena. Mwalimu akamuuliza, kwa upole kabisa, kama angeyapika hayo maharage awape watoto wake. Bingwa akaanza kutafuta simu mifukoni.

Kisha mwalimu akaniangalia mimi. Nilimwona akisita, na nilitamani asite zaidi. Miezi miwili ya samadi ilikuwa miguuni pangu. Lakini nilizipokea mbegu zile kwa mikono miwili kwa sababu zilikuwa za bure na kwa wale wakulima ni mbali, na katika hilo Bingwa hakunizidi sana. Nikasimama kando ya tuta langu, darasa zima likinitazama.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," nikasema, "tuta hili ninalirudisha leo. Jumatatu nitakwenda kwa miguu kwa wale wakulima, nitachagua mbegu moja moja kwa macho yangu, na nitaanza upya mwisho wa foleni. Mkiniona tena napokea mbegu nisiyojua ilikotoka, nifukuzeni."